Orodha ya Dhambi



Simo Häyhä alikuwa mkulima wa Finland, mtu mfupi na mpole, aliyependa kuwinda. Mwaka 1939 majeshi ya Urusi ya Kisovieti yalipoivamia nchi yake, aliitwa vitani akawa mlenga shabaha. Alilala kwenye theluji amevaa nguo nyeupe, na theluji nyingine ameitia kinywani ili mvuke wa pumzi yake usionekane. Kwa muda usiofika hata miezi minne akahesabiwa kuwa ameua zaidi ya 500. Hao walikuwa watu, wengi wao vijana waliotumwa tu.

Tarehe 6 Machi 1940 risasi ilimvunja taya. Alipozinduka tarehe 13, vita vilikuwa vimekwisha siku ileile. Hapo ndipo habari yake inapotugusa sisi tulioacha kwetu. Kwa mkataba wa amani, nchi yake ilikabidhi ardhi kwa adui, na shamba lake likabaki ng'ambo ya mpaka. Watu zaidi ya 400,000 walihama, naye akiwa miongoni mwao. Alianza upya huko Ruokolahti. Risasi zote zile hazikumrudishia nyumba.

Uzeeni aliulizwa kama anajuta. Akajibu kwamba alitimiza wajibu, akafanya alivyoagizwa kadiri ya uwezo wake. Nami jibu hilo lilinitosha siku nyingi. Lakini alifariki mwaka 2002, na mwaka 2017 likajulikana daftari lake la kumbukumbu za vita. Humo, hesabu ya aliowaua ameiita orodha ya dhambi zake.

Je, aliwadanganya waliomwuliza? Sidhani. Wengine watasema ni utani wa askari, huenda. Ila mtu hatanii kwa neno ambalo halimo moyoni mwake. Daudi naye alipigania watu wa Mungu, wala hakukemewa kwa vita hivyo, lakini alipotaka kujenga hekalu alizuiwa kwa sababu ya damu aliyomwaga. Wajibu ulikuwa wa kweli, na damu ilikuwa ya kweli.

Kwenye mabenchi yetu wamo ndugu waliobeba bunduki kule nyumbani, wengine wakiwa watoto bado. Tunawaambia, "Ulilazimishwa, sahau," tukidhani tumewafariji. Mmoja wao aliniambia hivi juzi, baada ya ibada: "Mzee, wote wananiambia nisahau. Hakuna aliyeniuliza walikuwa wangapi."