Ahadi ya Mtu kwa Nafsi Yake

Wengi wetu tumefundishwa tangu utoto kwamba ahadi ni deni. Tukiazima kitabu, twajua kuwa mwenyewe atakuja kukidai. Tukimwahidi jirani msaada, twajua kuwa siku ya kazi atatutazamia. Lakini iko ahadi nyingine isiyo na shahidi wala mdai, nayo ni ile ambayo mtu hujipa mwenyewe moyoni. Je, ahadi hiyo nayo ni deni? Na kama ni deni, yalipwa kwa nani? Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata kwa sababu ya baiskeli, katika majira ya baridi, nami nitakueleza jinsi lilivyonijia.

Nakaa Milimani, mtaa wa Nakuru ulio upande wa kupandia Menengai. Mji wetu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na mlima wa Menengai hufika mita 2,278. Kwa hiyo, ingawa mstari wa Ikweta uko karibu nasi sana, sisi si watu wa joto. Kuanzia Juni hata Agosti mawingu hufunika jua, ukungu hushuka mlimani, na alfajiri kipimajoto huteremka karibu na nyuzi 10. Msomaji wa Mombasa aweza kudhani kuwa natia chumvi. Msomaji wa Ulaya aweza kucheka, kwa kuwa katika mji wa Oulu, nchini Ufini, watoto huenda shuleni kwa baiskeli juu ya theluji. Lakini baridi haipimwi kwa kipimajoto peke yake. Hupimwa pia kwa blanketi alilojifunika mtu, na saa ambayo yampasa kuliacha.

Mimi ni mwalimu, na baiskeli yangu si ya kazi. Shule ninayofundisha haiko mbali, nami huenda kwa miguu. Baiskeli niliinunua kwa kujiburudisha tu. Mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, nilijiahidi kwamba kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nitaamka kabla ya jua, nipande barabara ya Menengai, niitazame nchi na ziwa chini yangu, kisha nirudi nyumbani kabla watu hawajaanza shughuli zao. Sikumwambia mtu yeyote. Niliishika ahadi hiyo kwa miezi mitano bila taabu, na nakiri kwamba nilianza kujiona mtu mwenye nia thabiti. Sikutambua kuwa sifa ile haikuwa yangu, bali ya jua.

Juni ikaja. Asubuhi ya kwanza ya ukungu nilisema: leo njia haionekani, nitakwenda siku nyingine. Hiyo ilikuwa kweli. Asubuhi ya pili ukungu haukuwapo, lakini palikuwa na upepo. Nikasema kwamba upepo wa baridi waweza kuniletea mafua, na mwalimu mgonjwa huwadhulumu wanafunzi wake. Asubuhi ya tatu hapakuwa na ukungu wala upepo. Nikasema kwamba mnyororo wa baiskeli wataka mafuta. Mnyororo ule ukataka mafuta kwa majuma matano.

Katika siku zangu za kupanda mlima nilizoea kukutana na mzee mmoja auzaye maziwa. Hutoka mashambani gizani na madebe mawili yaliyofungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli nzito nyeusi, akapita mlango kwa mlango. Jumamosi moja ya Julai nilikuwa nimesimama langoni kwangu, nimevaa koti zito, na kikombe cha chai ki mkononi, mara akatokea katika ukungu. Kofia yake ya sufu ilikuwa imelowa, na vidole vyake vilikuwa vimekakamaa juu ya usukani. Alisimama akanisalimu, kisha akasema, “Mwalimu, umepotea sana. Ulisafiri?”

Nikajibu, “Ndiyo, mzee, nilisafiri.”

“Basi karibu tena nyumbani,” akasema, akaenda zake.

Tazama, msomaji, jambo lililotukia. Mzee yule hakunidai kitu. Aliniuliza kwa wema, kama mtu amwulizaye mwenzake hali, nami nikamlipa uongo. Kabla ya hapo nilidhani kuwa kuvunja ahadi isiyojulikana na mtu hakumdhuru mtu. Lakini swali moja dogo lilipoulizwa, niligundua kuwa nina jambo la kuficha, na kwa kulificha nilimkosea mtu asiyenikosea. Wala uongo ule haukuzaliwa pale langoni. Nilikuwa nimeulea kwa majuma matano chini ya blanketi. Nilimwambia mzee neno la namna ile ile niliyozoea kuiambia nafsi yangu.

Yamkini mwanafunzi mwenye akili atanipinga na kusema: “Mwalimu, deni lina watu wawili, mdai na mdeni. Katika ahadi ya nafsi watu hao ni mmoja. Mdai ana haki ya kusamehe deni lake. Basi ukijisamehe, kosa liko wapi?” Hoja hii ina nguvu, nami niliifikiri kwa siku nyingi. Ni kweli kwamba mtu aweza kuibadili ahadi aliyojipa, la sivyo angekuwa mtumwa wa maneno yake ya jana. Lakini yafaa tuulize ni nani aliyesamehe. Aliyeahidi alikuwa mtu aliyekaa mchana, akili yake i wazi, akapima faida na taabu. Aliyesamehe alikuwa mtu mwenye usingizi, aliyejikunyata kitandani, na ambaye msamaha ule ungemfaidi papo hapo. Huyo hakuwa mdai. Alikuwa mdeni aliyekalia kiti cha mdai na kujiandikia hati ya msamaha. Hakuna baraza la wazee ambalo lingekubali hukumu kama hiyo, na sijui kwa nini sisi tuikubali ndani ya mioyo yetu.

Hapo nikajifunza kutenganisha sababu na kisingizio. Vitu hivi viwili hufanana kwa sura, tena vyaweza kutumia maneno yale yale. Ukungu ulikuwa sababu siku ya kwanza, kwa maana mwendesha motokaa asingeweza kuniona barabarani. Tofauti yao ni hii: sababu huutangulia uamuzi, kisingizio huufuata. Mwenye sababu hutazama nje kwanza, kisha akaamua kubaki. Mwenye kisingizio huamua kubaki kwanza, kisha akatazama nje kutafuta la kusema. Nami, siku ile ya mnyororo, sikuwa hata nimetazama mnyororo.

Juma lililofuata nilimngoja mzee langoni, baiskeli yangu ikiwa mkononi, nikamwambia, “Mzee, nilikudanganya. Sikusafiri. Niliogopa baridi.”

Alicheka hata madebe yakalia. “Mwalimu,” akasema, “baridi mimi pia naiogopa. Ng'ombe ndio hawaijui. Ningekuwa na hiari kama wewe, ningelala.”

Maneno hayo yalinizuia nisianguke katika kosa la pili, nalo ni kumfanya mzee yule kuwa mfano wa ushujaa ili nijione shujaa kwa kumwiga. Yeye hutoka kwa sababu ng'ombe wamekamwa na maziwa hayangoji. Mimi hutoka kwa kupenda. Baiskeli imekuwa na sura hizo mbili tangu zamani. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo katika mji wa Belfast, alipata hati ya uvumbuzi wa gurudumu la mpira lenye hewa. Naye alikuwa amelitengeneza kwanza kwa baiskeli ya mwanawe mdogo, ya kuchezea. Kitu kilichoanza kama mchezo wa mtoto leo kinabeba maziwa, kabichi na makaa. Basi anayekipanda kwa starehe asijivunie jasho lake mbele ya anayekipanda kwa riziki.

Hata hivyo mzee alinifundisha jambo jingine bila kukusudia. Yeye huamshwa na ng'ombe. Mimi siamshwi na kitu. Watu wengi hudhani kuwa uhuru ni kutokuwa na wa kukuamuru. Lakini asiye na wa kumwamuru naye hajiamuru, huamriwa na baridi leo, na joto kesho, na usingizi siku zote. Ahadi ya nafsi ndiyo amri ya mtu huru. Akiizoea, ahadi zake kwa wengine zitapata mahali pa kusimama. Akiidharau, wengine nao wataijua hasara yake, kama mzee alivyodanganywa langoni pangu.

Siku hizi naamua jioni, nikiwa macho. Nimejiwekea sheria kwamba alfajiri nikiwa siuoni mti ulio ng'ambo ya barabara, nitabaki nyumbani wala sitajilaumu, nikiuona, nitakwenda. Asubuhi nyingi mti huonekana.

Nawe, msomaji kijana, huenda huna baiskeli. Lakini bila shaka umepata kujiahidi kusoma saa moja kila jioni, au kumwandikia bibi yako barua, au kuacha neno baya ulilolizoea. Hakuna atakayekuuliza. Wahenga walisema kwamba ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Siku ambayo hutaki kutimiza, usikimbilie kujisamehe. Inuka kwanza, nenda dirishani, utazame kama mti waonekana.