Haruni Wake ni Nani?



Madawati hapa kambini ni machache, na wengine wetu huuliza: mtoto mwenye ugonjwa wa Down apewe nafasi ya nini, na hali hawezi kuwafikia wenzake?

Kwanza, tuache kusema ni laana au uchawi. Mwaka 1959 Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walionyesha kwamba watoto hao wana kromosomu 47 badala ya 46. Mama hakukosa lolote. Pili, wanajifunza. Wengi hushika wanachokiona kuliko wanachokisikia: picha, ishara za mikono, hatua fupi zinazorudiwa.

Je, haki ni kipimo kimoja kwa wote? Mama anayenyonyesha akiongezewa chakula, hatusemi ametuibia. Tunajua anahitaji zaidi. Basi dawati nalo si zawadi ya mwenye akili nyepesi.

Musa alikuwa mzito wa ulimi. Mungu hakumwacha, wala hakungoja ulimi upone; alimpa Haruni. Watoto hawa tumewaficha nyumbani kwa aibu yetu. Tutubu, tuwatoe, na kila mmoja wetu ajiulize atakuwa Haruni wa nani.