Je, Tulichonunua ni Chetu?

Kila anayekwenda nyumbani kutoka London huondoka na orodha. Shangazi ameagiza dawa ya miguu, kaka ameagiza simu, na watoto wameagiza vitu ambavyo hata majina yake yanatushinda kutamka. Desemba ya mwaka 2009 sisi tulikwenda Tanga, na mpwa wetu wa miaka 14 alikuwa ameomba mchezo wa kompyuta. Tuliununua dukani kwa karibu pauni 30, sanduku likiwa bado na plastiki yake, na risiti tukaitia mfukoni.

Sanduku lilifunguliwa usiku uleule tulipofika. Furaha haikudumu. Mchezo ulipokwisha kuingizwa kwenye kompyuta, ulidai kwanza uombe idhini kwa mtengenezaji kupitia intaneti, na nyumba ile haikuwa na intaneti. Kesho yake tuliibeba kompyuta nzima, pamoja na skrini, hadi kwenye duka la intaneti mjini. Laini ilikatika mara tatu, na kila jaribio lilihesabiwa. Mara ya nne tuliarifiwa kwamba idhini zilizoruhusiwa kwa namba ile zimekwisha. Tulimwandikia mtengenezaji, na hadi tunarudi London hatukupata jibu. Fundi wa jirani aliposikia kisa chetu alileta diski isiyo na jalada, jina limeandikwa kwa kalamu, bei yake kama sahani ya chipsi mayai. Ulikuwa mchezo uleule, na ulifunguka bila kuuliza neno. Mpwa wetu akatutazama, akasema: "Mjomba, kwani huu wa kununua ndio feki?"

Tulimlipa fundi, tukanyamaza. Swali lile tumekaa nalo miaka yote hii, na leo tungependa kulijibu.

Kwanza, shida haikuwa yetu peke yetu. Septemba 2008 kampuni ya Electronic Arts ilitoa mchezo uitwao Spore, ambao mnunuzi aliweza kuuidhinisha mara tatu tu. Akitaka ya nne, apige simu kuomba. Wanunuzi walikasirika, wakamiminika kwenye duka la Amazon kuupa alama ya chini kabisa, na kampuni ikapandisha idadi hadi tano. Wakati huohuo nakala iliyovunjwa kufuli ilikuwa imekwisha kuzagaa hata kabla ya siku ya kutolewa. Mwaka 2010 Ubisoft ikaenda mbali zaidi: aliyenunua Assassin's Creed II kwa kompyuta alitakiwa awe kwenye intaneti muda wote anaocheza, hata akicheza peke yake chumbani. Machi mwaka huo seva za kampuni zilishambuliwa, na watu waliolipa fedha zao halali wakafungiwa nje. Kufikia 2012 kampuni ilikuwa imeliacha sharti hilo. Kwetu Afrika Mashariki, ambako mkongo wa kwanza wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, "muda wote" lilikuwa sharti la kuchekesha.

Hata hivyo, tusimwonee mtengenezaji. Sisi ni kizazi cha kaseti. Tulirekodi taarabu na dansi kutoka redioni, tukaazimana kanda na kuzidurufu, na hatukujiuliza mwimbaji anakula nini. Tanzania ilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999 kwa sababu jasho la wasanii lilikuwa likivuja mitaani. Mchezo wa kompyuta nao ni jasho la watu, wakiwemo wachoraji, wanamuziki na waandishi wa programu. Mwenye duka ana haki ya kufunga mlango usiku. Hoja yetu si kwamba kufuli ni dhambi.

Hoja yetu ni hii: kufuli likiharibika, nani anaumia? Katika uhandisi swali hilo huulizwa mapema kabisa. Kila chombo kitaharibika siku moja, na mhandisi mwema huamua mapema kitaharibika kwa upande upi. Mwaka 1854 huko New York, Elisha Otis alipanda jukwaa la lifti mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe. Breki zikashika, lifti ikabaki palepale. Kamba ilikuwa imeshindwa, lakini aliyesimama juu yake hakudhurika. Kufuli la michezo limebuniwa kinyume chake. Intaneti ikikatika, seva ikianguka, kampuni ikifunga ofisi, anayedondoka ni yule aliyelipa. Mwizi hana habari, kwa kuwa nakala yake ilikwisha kung'olewa kufuli. Huo ni uamuzi kuhusu nani abebe hasara, nao umemwangukia mtu pekee aliyetimiza wajibu wake.

Njia nyingine ipo, na nyumbani tumeiona. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kutaka kazi za muziki na filamu zibandikwe stempu ya kodi kabla ya kuuzwa. Stempu ina udhaifu wake, wala haikumaliza wizi. Lakini tazama inamkagua nani: inamkagua muuzaji, pale dukani. Ukishalipa ukaondoka na sidii yako, stempu haikufuati sebuleni kukuuliza kama una kibali cha kusikiliza. Shaka inaishia pale ambapo fedha imepokelewa. Kufuli la michezo linamfuata mnunuzi hadi kwake, na linamshuku upya kila anapobadilisha kompyuta.

Wasomaji mtasema hayo ni ya zamani, siku hizi intaneti iko hadi kijijini. Ni kweli, lakini shina la tatizo limekua. The Crew, mchezo wa Ubisoft uliotoka mwaka 2014, ulizimwa seva tarehe 31 Machi 2024, na kuanzia hapo hata mwenye diski ya dukani hakuweza kuucheza. Hapa Uingereza zaidi ya watu laki moja walitia sahihi ombi la kutaka sheria izuie jambo hilo, na Novemba 2025 wabunge walilijadili Westminster. Serikali ilisema haina mpango wa kubadilisha sheria. Jimbo la California limechagua njia ya kiasi: tangu Januari 2025, muuzaji wa bidhaa za kidijitali haruhusiwi kutumia neno "nunua" bila kueleza wazi kwamba anachotoa ni leseni, isipokuwa kama mteja anaweza kuipakua na kubaki nayo moja kwa moja.

Sheria hiyo imegusa penyewe. Wazee wa Zanzibar wanakumbuka bei khiyari, njia ambayo wenye mashamba ya mikarafuu walikopea fedha. Karatasi ilisema shamba limeuzwa, lakini "muuzaji" alibaki na haki ya kulikomboa, na mara nyingi aliendelea kulitumia kwa kulipa kodi. Ilikuwa rehani iliyovikwa kanzu ya mauzo, na mashamba mengi yalipotea kwa njia hiyo. Lakini angalau jina lenyewe lilitangaza kwamba ndani ya bei hii mna khiyari. Sanduku tulilolinunua London halikutangaza lolote la namna hiyo kwa herufi za kusomeka. Tulitoa bei ya kununua, tukapewa cha kuazima, na wahenga wamekwisha kutuambia nguo ya kuazima haisitiri nini.

Basi jibu letu kwa mpwa, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, ni hili. Mchezo wa dukani haukuwa feki. Mauzo ndiyo yaliyokuwa feki, kwa kuwa aliyeuza alipokea fedha bila kukabidhi kitu. Kwa diski ile moja ya fundi dhamiri yetu haitusumbui sana, maana mtengenezaji alikwisha kulipwa. Inatusumbua kwa jambo jingine. Fedha yetu ilimwezesha fundi kuwauzia wengine ambao hawakuwahi kumlipa mtengenezaji hata senti, na ukimya wetu ulimfundisha kijana kwamba mwaminifu ndiye mjinga. Tulipaswa kumwambia palepale kwamba tumedhulumiwa, na kwamba kudhulumiwa hakutupi ruhusa ya kudhulumu.

Likizo ijayo watoto wake nao wataleta orodha yao. Tukifika dukani tutauliza kwanza: je, unauza au unakodisha? Akisema anakodisha, tutalipa bei ya kukodi.