Rupia Moja Mkononi

Kijana mmoja wa Nachingwea alikuwa akipalilia mikorosho yake kando ya barabara ya Ruangwa, jembe likagonga kitu kigumu. Akaokota rupia ya fedha ya mwaka 1891: upande mmoja Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani na kofia yake ya vita, upande wa pili simba na mnazi.

Mjomba wake akamwambia, "Mpwa wangu, itunze hivyohivyo ilivyo. Usiisugue."

Lakini habari ilikwishafika mjini. Jioni akaja mgeni. "Wajerumani walipokimbilia Ruvuma mwaka 1917 walizika sanduku zima," alisema. "Hiyo ni alama tu."

Kwanza alitaka ubani na kuku mweusi. Kisha fedha za kukodi mashine ya kupimia. Kijana akauza korosho zake kwa walanguzi wa kangomba, kabla msimu haujafunguliwa. Mashimo yakala mizizi ya mikorosho mitano. Mgeni akataka kuhakikisha kama fedha ile ni halisi. Rupia ikasuguliwa kwa mchanga mpaka ikang'aa, na uso wa Kaisari ukafutika. Siku ya saba mgeni hakuonekana tena. Kijana akaipeleka rupia kwa sonara, naye akaiweka mizanini: gramu 11 na ushei za fedha. Akalipa bei ya fedha chakavu.

Laiti angejiuliza! Serikali ya Wajerumani ilikaukiwa sarafu hata ikalazimika, mwaka 1916, kufyatua hela za shaba ya njano katika karakana ya reli Tabora. Mwenye dhiki hiyo angeacha masanduku porini kwa nini?

Hazina za kweli zipo. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wanaakiolojia walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo kama kucha, zilizogongwa kwa mkono na kuandikwa majina ya watawala wa pwani wa karne ya 11. Kwa kuwa zilifukuliwa kwa utaratibu na kuandikwa zilipolala, leo tunawajua watawala ambao vitabu viliwasahau.

Ukiokota kitu cha kale, usikisugue wala usiendelee kuchimba. Weka alama mahali pale, kisha mwone afisa utamaduni wa halmashauri. Na anayekudai fedha ili akuonyeshe mali, mali anayoitafuta ni yako. Kijana wetu alikuwa na rupia na mikorosho. Alipoyaacha ya juu ya ardhi kwa ajili ya yaliyo chini, akakosa yote.