Jua Letu Ndilo Mtihani Wenyewe

Plastiki haipitishi umeme: ndivyo wengi tulivyofundishwa. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba poliasetilini ikitiwa iodini inapitisha, na mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Siri iko kwenye mnyororo wa kaboni ambao vifungo vyake, kimoja pekee na kingine maradufu, vinapokezana kutoka mwanzo hadi mwisho. Vifungo hivyo ndivyo vinavyoiwezesha polima, yaani plastiki ya aina hii, kufyonza mwanga. Ukibadili pete moja tu ya atomi katika mnyororo, rangi nayo inabadilika, na sehemu ya jua inayofyonzwa inahama. Wewe unayesoma kemia Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bukavu, rangi hiyo unaweza kuibuni!

Kazi ya kutengeneza seli ya jua kwa polima ni ngumu, na ugumu wake ndio unaoipa thamani. Mwanga ukiigonga polima, nishati inayozaliwa husafiri kama nanomita 10 tu kabla ya kupotea. Kwa hiyo polima huchanganywa na kipokezi cha elektroni, kisha mchanganyiko hutandazwa juu ya kioo kwa unene wa takriban nanomita 100. Kabla ya hapo kuna kuisafisha polima: methanoli, asetoni, heksani, moja baada ya nyingine, saa baada ya saa, maana mabaki ya kichocheo cha paladiamu kilichotumika kuiunda yanaweza kuiharibu seli nzima. Hapa ndipo wengi huchoka. Usichoke hapa. Polima chafu itakudanganya, nawe utawadanganya wenzako bila kujua.

Seli ikishakamilika huwekwa chini ya taa inayoigiza jua, wati 1000 kwa kila mita ya mraba, ikapimwa volti na mkondo wake. Pima seli nyingi, uandike zote, hata zilizofeli. Namba moja nzuri iliyochaguliwa kati ya mbovu haijengi sayansi.

Katikati ya miaka ya 2000 seli bora za aina hii zilikuwa zinageuza karibu asilimia 5 ya mwanga kuwa umeme. Mwaka 2019 kipokezi kiitwacho Y6, kutoka kwa kundi la Zou Yingping nchini China, kilivusha kiwango hicho juu ya 15. Leo seli ndogo za maabara zimefikia takriban 20. Kilichobaki kigumu zaidi ni uhai wake: oksijeni, unyevu, joto na miale ya urujuanimno huula mnyororo huo, ilhali paneli za silikoni hudumu miaka 25 na zaidi. Na joto, unyevu na jua la utosini vinapatikana wapi kwa wingi kama kwetu? Polima itakayostahimili paa la Mombasa imefaulu kweli.

Utasema hatuna vifaa. Ni kweli, sanduku la naitrojeni la kuikinga seli na hewa, na mashine ya kuvukiza alumini ya elektrodi, ni ghali. Lakini Wendimagegn Mammo, mkemia wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa, amefanya utafiti wa polima hizi pamoja na wenzake wa Sweden, na majina yao yamo pamoja kwenye makala zilezile. Tena kuna mambo yasiyohitaji mamilioni. Molekuli ndogo za heksilithiofini huungana kuwa polima kwa kutumia kloridi ya chuma ndani ya klorofomu, kazi ya kufanyia kwenye kabati la kuvuta hewa chafu. Spektrofotometa ya kupima ufyonzaji wa mwanga imo katika idara nyingi za kemia, mara nyingi imefunikwa kitambaa ikisubiri mtu.

Basi nenda ukaifunue. Tandaza polima kwenye vipande viwili vya kioo, kimoja kipandishe juani, kingine kifungie gizani. Andika tarehe na saa. Wiki ijayo vipime vyote viwili, na inayofuata pia, mpaka ujue rangi imepungua kiasi gani na kwa kasi gani. Ukishajua hilo, badili pete moja kwenye mnyororo, uanze upya.