Namba 4,294,967,297 na Neno la Mkubwa

Huulizwa: je, kumtaka dalili mwanachuoni mkubwa ni adabu, au ni ufidhuli? Wengi hulidhani swali hili ni la dini peke yake. Sisi twaona ni la kila elimu, na leo twataka kulipima kwa mizani isiyompendelea mtu, nayo ni hisabu.

Chukua 2, uizidishe kwa nafsi yake, utapata 4. Ukiendelea hivyo hivyo utapata 16, kisha 256, kisha 65,536, kisha 4,294,967,296. Kila moja, pamoja na ile 2 ya mwanzo, iongeze 1. Zitatoka 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Tano za kwanza ni namba tasa, yaani hazigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa nafsi zao. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse katika Ufaransa, alidhani kuwa zote za jamii hiyo ni tasa, hata ziendelee mpaka wapi. Mwenyewe aliandika wakati huo kuwa hana dalili kamili.

Dhana hiyo ilikaa miaka 92 bila ya kuvunjwa. Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler kumwuliza habari yake. Mwaka 1732 Euler, naye ni kijana wa miaka 25, akaonyesha kuwa namba ile ya sita si tasa: ni 641 mara 6,700,417. Baadaye akabainisha kuwa kila namba tasa iwezayo kuigawanya haina budi kuzidi kwa 1 namba inayogawanyika kwa 64. Basi za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Mlango wa miaka 92 wafunguka kwa jaribio la tano! Na mwenye duka ajuaye hisabu za daftari lake aweza kuyahakikisha hayo kwa kalamu na karatasi.

Natutazame basi. Namba ile haikuwa tasa hata siku moja. Ukubwa wa Fermat haukuigeuza, wala wingi wa miaka. Mifano mitano iliyosadifu haikuwa dalili ya wa sita, na hata leo haijapatikana namba tasa nyingine katika jamii hiyo baada ya zile tano. Wala Euler hakumdharau Fermat. Alizichukua kauli zake nyingine zilizoachwa bila ya dalili, akazisimamishia dalili, zikathibiti.

Atasema mtu: je, mgonjwa naye amtake tabibu burhani ya kila dawa? Twajibu: la. Asiye na ujuzi hana budi kumtegemea mjuzi. Lakini kumtegemea mjuzi ni jambo moja, na kuufunga mlango wa kuuliza ni jambo jingine. Hatumlaumu aaminiye kwa kukosa njia. Twamlaumu aijuaye njia akaikataza, akamwita mwenye kuuliza mtovu wa adabu.

Mwanafunzi aulizaye kwa heshima humtendea mwalimu wake wema, kwa kuwa humwokoa asinasibishiwe uwongo baada ya kufa kwake. Kwa hivyo, ndugu zetu wazazi na walimu, mtoto akiuliza, “Kwa nini?”, msimkemee. Mwenye jibu na ampe pamoja na dalili yake, asiye nalo na aseme, “Sijui, njoo tutazame pamoja.” Neno hilo halimpunguzii mtu cheo chake.