Ngazi Haina Nia

Nilimsindikiza shangazi kufuatilia mafao yake kwenye ofisi iliyokuwa ghorofa ya pili, jengo halina lifti. Shangazi hutembea kwa magongo. Karani alikuwa mwema kuliko makarani wengi: alishuka na fomu, akamjazia palepale chini ya mwarobaini, akaomba radhi. Tukakosa wa kumlaumu. Hapo ndipo nilipokereka. Tulikuwa tumeonewa, na mwonevu hayupo.

Tumezoea kudhani kwamba dhuluma ni tendo, na kila tendo lina mtendaji. Ngazi haina nia, haimchukii mtu. Lakini kabla haijawa zege ilikuwa mistari kwenye karatasi, na aliyeichora alikuwa na mtu wake kichwani: mwenye miguu mizima, asiyebeba mtoto wala ndoo, ambaye hatazeeka. Asiyefanana na mtu huyo hufika akakuta kesi yake imekwisha kuamuliwa, na zege halina mahakama ya rufaa.

Machi 12, 1990, mjini Washington, wanaharakati wenye ulemavu waliacha viti vyao vya magurudumu chini ya ngazi za Bunge la Marekani, wakapanda kwa kutambaa, kidato kwa kidato. Ngazi zilizojengwa kuonyesha fahari ya dola zikaonyesha ni mwananchi gani aliyesahaulika zilipochorwa. Julai mwaka huohuo sheria ya kukataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu ikatiwa saini.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, sakafu ya kituo ilikuwa imeinuliwa ikalingana na ya basi. Kwa mtu aliyezoea kudandia daladala huku konda anapiga bodi, hilo ni jambo kubwa linalopita kimyakimya. Mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kumwomba mtu amnyanyue. Karani wetu alitupa fadhila, nasi tukamshukuru mara tatu. Sakafu ile inatoa haki: haingoji moyo mwema wa mtu, wala haidai shukrani.

Ila nenda kituoni jioni, abiria wamefurika na basi halionekani. Likija, wenye misuli ndio wanaotangulia, na wengine wamewahi kuingilia dirishani. Usawa wa sakafu unamezwa na uchache wa mabasi. Kwa hiyo mchoro hauishii kwa mhandisi. Anayeamua yanunuliwe mabasi mangapi naye anachora, hata kama hajawahi kushika rula.

Wataalamu watasema wadau hushirikishwa. Nimehudhuria vikao vya namna hiyo. Mchoro unaletwa umeshapakwa rangi, miti ya kijani imepandwa kwenye picha, watu wanapewa soda na kusaini mahudhurio. Anayeulizwa wakati huo anaombwa baraka tu. Kumshirikisha mtu ni kumwita karatasi ikiwa bado nyeupe, goti lake lipewe uzito uleule wa futi ya fundi.

Tulipokuwa tunangoja bajaji, shangazi aliinua gongo akahesabu vidato vilivyoonekana kupitia mlangoni. Alifika kumi na kitu akaacha.

"Mwanangu," akaniuliza, "huyu aliyejenga hapa hana mama?"